Kukatwa tumbo: tuzungumzie mwaka wa tano

Picha za "kabla na baada" za waliofanyiwa upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito zimejaa kila kona ya mtandao. Kushoto mtu kanenepa na kanuna, kulia ni yuleyule, kapungua, kavaa suruali mpya, anacheka. Hiyo ya kulia karibu kila mara imepigwa ndani ya mwaka mmoja au miwili ya mwanzo. Mimi ningependa kuonyeshwa na ya tatu, ya mwaka wa tano au wa nane, na pembeni yake majibu ya vipimo vya damu.

Sipingi upasuaji wa kupunguza uzito. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza 1987 uliwafuatilia kwa miaka mingi watu waliopasuliwa na wenzao wanene ambao hawakupasuliwa, na vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliopasuliwa. Wapo wengi ambao kisukari chao aina ya pili kimetulia wakaachishwa sindano za insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Ninachokikataa ni namna huduma hii inavyouzwa, kana kwamba ni jino bovu: likishang'olewa, yamekwisha.

Hayajaisha. Ukikatwa mfuko wa chakula, kiasi cha robo tatu au zaidi huondolewa, na hakirudi. Ukifanyiwa baipasi, kinabaki kijifuko kidogo juu, halafu chakula kinapitishwa njia ya mkato na kuiruka sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Sehemu hiyo inayorukwa ndiyo inayofyonza madini ya chuma na kalsiamu kwa wingi. Vitamini B12 nayo inategemea asidi na protini maalumu vinavyotengenezwa na mfuko wa chakula, ambao sasa ama umepunguzwa ama chakula hakiupitii. Kwa hiyo vidonge vya vitamini unavyopewa siku ya kuruhusiwa ni vya maisha.

Tatizo ni kwamba mwili hausemi mapema. Ini huweka akiba ya B12 ya kutosha miaka kadhaa. Mtu akiacha vidonge mwaka wa kwanza hasikii lolote. Yuko mwepesi, anasifiwa, kwa nini ahangaike na makopo ya dawa? Miaka ikipita ndipo miguu inaanza kufa ganzi, ulimi unachomachoma, kumbukumbu inayumba. Anakwenda hospitali kutibiwa miguu, na wala hafikirii kulitaja tumbo. Mishipa ya fahamu ikikaa muda mrefu bila B12, madhara mengine hayarudi nyuma hata akichomwa sindano.

Nimeliona hili la kutounganisha mambo kwa wifi yangu, ingawa kwake ilikuwa kiwango cha sukari kwenye damu. Alifanyiwa baipasi, akapungua vizuri, na miaka ya mwanzo hakuwa na shida. Siku moja tumekaa tunapiga soga, kama saa mbili tangu anywe glasi ya juisi, nikaona jasho linamtiririka na mikono inatetemeka. "Wifi, hebu nishike," akasema, "naona vitu viwili viwili." Maneno yakaanza kumpotea, ungemdhania mlevi. Tulikompeleka wakasema ni wasiwasi, wakampa dawa ya kumtuliza. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kupasuliwa tumbo.

Kumbe sukari ya damu ilikuwa imeporomoka. Baada ya baipasi, kitu kitamu kinashuka utumboni upesi mno, sukari inapanda ghafla, homoni za utumbo zinaichochea kongosho imwage insulini kupita kiasi, na kati ya saa moja na tatu baada ya kula sukari inaanguka. Kwa kawaida hali hii haitokei wiki za mwanzo. Hujitokeza mwaka au zaidi baada ya upasuaji, wakati kila mtu ameshasahau. Pipi aliyokula ilimwinua dakika chache tu, kisha mzunguko ukaanza upya, maana pipi nayo ni sukari ya haraka. Kilichomsaidia ni daktari mwingine aliyembadilishia mlo: kidogo kidogo, protini kwanza, vitamu viwe mbali.

Orodha ni ndefu kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Kuna mawe ya nyongo, kiungulia kikali kwa waliokatwa mfuko, mifupa kupungua uzito, pombe kupanda kichwani upesi kuliko zamani. Kunyonyoka nywele ndiko kunakoogopwa zaidi, na kusema kweli ndiko kudogo kuliko yote, kwa sababu kwa kawaida huota tena. Ningeogopa zaidi kutapika siku nyingi mfululizo. Akiba ya vitamini B1 ni ya wiki chache tu, ikiisha ubongo unaumia, na dripu ya glukosi bila B1 inaweza kuzidisha madhara. Ningeogopa pia dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu hununua kama karanga, ilhali kwa mwenye baipasi zinaweza kuchimba vidonda palepale utumbo ulipounganishwa. Na wanawake waambiwe waziwazi kwamba uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi haraka, ilhali vidonge vya kupanga uzazi huenda visifyonzwe vizuri, na madaktari hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kubeba mimba.

Hata ndoa zinaguswa. Utafiti mwingine wa Sweden, uliochapishwa 2018, ulikuta talaka na kutengana kumeongezeka kwa waliokuwa na wenza, na ndoa mpya zimeongezeka kwa waliokuwa peke yao. Hilo nalo sijaliona kwenye fomu yoyote ya kutia saini.

Kwa hiyo anayetaka kupasuliwa aulize kabla hajalipa: mwaka wa tano nani atanipima damu? Atapima nini? Gharama hiyo imo humu au ni juu yangu? Daktari akibabaika, mtafute mwingine. Wifi yangu sasa anatembea na kadi kwenye pochi: aina ya upasuaji, mwaka, dawa asizopaswa kupewa, na sentensi moja kwamba akionekana amelewa apimwe sukari kwanza. Kadi hiyo aliiandika mwenyewe, ilhali ilipaswa kutolewa na waliompasua, siku ileile waliyompa bili.