Usiniambie Wiski ya Ayalandi ni Laini Tu

Nikikaa na wapenzi wa wiski, mazungumzo yakifika Ayalandi nasikia neno lilelile: laini. Inapita kooni bila kukwaruza, wanasema, kwa sababu inapikwa mara tatu, yaani inageuzwa mvuke na kupozwa mara tatu. Kisha wanahamia Uskoti, ambako wanaona ndiko kwenye mambo ya kuzungumza. Hili linaniuma. Neno hilo limeifunika wiski ya Ayalandi gubigubi, na chini ya shuka kuna kitu kizito, chenye mafuta na viungo, ambacho nusura kipotee kabisa.

Nami nilikuwa nikisema hivyohivyo, hadi siku nilipotembelea kiwanda cha wiski cha Midleton, katika kaunti ya Cork. Mwenyeji wetu alinimiminia punje za shayiri kwenye kila kiganja. Za mkono wa kulia zilikuwa kimea, yaani shayiri iliyooteshwa ikakaushwa. Nilipozitafuna zilivunjika mara moja, zikaacha utamu wa biskuti. Za kushoto hazikuwa zimeoteshwa. Ngumu kama changarawe! Nilizibana kwa magego mpaka zikapasuka, zikatoa unga mkavu wenye ukali wa majani.

Anayeijua mbege ya Uchagani anaelewa kazi ya kimea. Ulezi usipooteshwa kuwa kimea, wanga wake haugeuki kuwa sukari ya kuchachuka. Sasa kwa nini mpishi wa wiski aongeze punje zisizooteshwa?

Jibu ni kodi. Katika karne ya 18 dola iliyotawala Ayalandi ilikitoza kimea kodi nzito. Wapishi wakapunguza kimea, pengo wakalijaza kwa shayiri isiyooteshwa, wengine wakatia na oti. Kimea kile kidogo kilitosha kugeuza wanga wa nafaka zote kuwa sukari. Walitaka kuokoa fedha tu, lakini kilichotoka kwenye vyungu vya shaba kilikuwa na ladha ambayo hakuna aliyeipanga: nzito, inayopaka ulimi mafuta, kisha inauchoma kidogo kama tangawizi na karafuu. Katika karne ya 19 hiyo ndiyo wiski iliyoipa Dublin jina, kutoka kwenye viwanda kama vya John Jameson, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa Mskoti, na John Power. Pale Midleton bado kipo chungu cha shaba cha mwaka 1825 kinachobeba zaidi ya lita 140,000. Hakipiki tena. Nilisimama chini yake nikahisi niko chini ya sufuria ya harusi ya majitu.

Kodi ndiyo iliyoizaa, na mtu wa kodi akaja kuitia msukosuko. Aeneas Coffey alikuwa mkaguzi wa ushuru wa pombe huko Ayalandi. Alipoacha kazi akatengeneza mtambo wa minara, akaupatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1830. Chungu kinapikwa, kinamwagwa, kinajazwa upya, lakini mtambo wa Coffey hausimami, na kinywaji chake ni chepesi na cha bei nafuu. Wakubwa wa Dublin waliukataa, wakasema kinachotoka humo si wiski. Waskoti wakaupokea, wakachanganya wiski hiyo nyepesi na ya kimea, wakalishika soko la dunia. Kwa upande wa ladha naamini wazee wa Dublin walikuwa sahihi. Kwa upande wa biashara ukaidi huo uliwagharimu mno.

Yaliyofuata yaliviangusha viwanda vya Ayalandi: vita vya uhuru wa kisiwa hicho, mvutano wa kibiashara na Uingereza, Marekani kupiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933. Mwaka 1966 kampuni za Jameson, Power na ya Cork ziliungana ili zisife. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 kisiwa kizima kilibaki na viwanda viwili vinavyopika, Midleton na Bushmills. Jameson yenyewe ikawa mchanganyiko mwepesi, na wateja wakaja kwa wingi. Siwalaumu, mchanganyiko huo ndio uliolipa mishahara. Lakini wiski ya chungu ikabaki kwenye chupa chache mno. Moja ni Green Spot ya Mitchell & Son, wafanyabiashara wa mvinyo wa Dublin waliokuwa wakipaka mapipa yao doa la rangi kutambua umri: buluu miaka 7, kijani 10, njano 12, nyekundu 15. Nyingine ni Redbreast, iliyorudishwa sokoni mwaka 1991.

Kwa hiyo anayesema "laini" anazungumzia ladha iliyotawala miongo michache tu. Tena sheria haidai kupika mara tatu. Inadai miaka 3 angalau ndani ya pipa la mbao, kisiwani humohumo. Wiski ya Connemara inapikwa mara mbili, na kimea chake hukaushwa kwa moshi wa mboji ya kinamasi. Bushmills hutumia kimea kitupu kwa wiski yake ya kimea, nayo ina utamu wa asali na matunda. Zote ni za kisiwa kimoja.

Ukitaka kunielewa, tafuta chupa iliyoandikwa Single Pot Still, ndiyo hiyo wiski ya chungu yenye kimea na shayiri isiyooteshwa. Mimina kidogo, tia matone mawili ya maji, usitie barafu. Mimi huanza na Redbreast ya miaka 12. Harufu ya kwanza ni zabibu kavu na karanga, kazi ya mapipa yaliyowahi kubeba sheri, mvinyo mkali wa Uhispania. Subiri. Nyuma yake linakuja tofaa bichi, kisha mdalasini, na ukimeza unabaki ule ukali wa majani uliokuwa kwenye kiganja changu cha kushoto.

Nina ombi moja kwa wapishi wapya waliotapakaa kisiwani tangu vyungu vya kiwanda cha Teeling vilipowashwa Dublin mwaka 2015. Kwa Single Pot Still, kanuni zinataka kimea kisipungue asilimia 30, na shayiri isiyooteshwa nayo isipungue asilimia 30. Hapo katikati pana nafasi kubwa ya mpishi kuamua. Andikeni kwenye lebo mmetia kiasi gani cha ile isiyooteshwa. Umri wa pipa mnauandika kwa herufi kubwa, na punje nazo zinastahili nafasi yake.