Mama mchungaji hana barua ya ajira

Ndugu wa nyumbani wakinipigia simu huanza na baridi, kisha linakuja swali lao la siku zote: "Eti makanisa ya Ulaya yamegeuzwa baa?" Wanasubiri niseme ndiyo, tusikitike pamoja kidogo, halafu tuagane tukiwa tumeridhika kwamba sisi bado tunajaza viti. Viti vitupu vipo, sikatai. Kuna makanisa yaliyouzwa. Mwaka 2023 peke yake karibu watu 380,000 walijitoa rasmi katika makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, na mtu anajitoa kwa kwenda ofisi ya serikali, anasaini, analipa ada, basi. Mchungaji hana hata nafasi ya kumbembeleza.

Lakini mimi nimekaa huku Rhineland, magharibi mwa Ujerumani, kama mke wa mchungaji Mtanzania, na jambo lililonikosesha usingizi halihusu viti. Linahusu jikoni.

Nyumbani, milimani Usambara, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwajiri wangu ni serikali. Ila siku mume wangu alipobarikiwa kuwa mchungaji, mimi nami niliajiriwa mara ya pili bila barua. Nikawa mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake bila kugombea. Nikawa mwalimu wa Sunday school, mshauri wa mabibi harusi, mfariji wa wafiwa, na mpishi wa kila mgeni anayetoka jimboni au dayosisini. Kipindi cha dini shuleni, ambacho serikali inakiruhusu lakini mwalimu wake halipwi, nacho nikakibeba. Kikao cha wazee wa kanisa kikikwama kwenye kifungu kisicho na bajeti, jibu lilikuwa tayari: "Mama mchungaji yupo."

Na mchele wa wageni ulitoka wapi? Kwenye mshahara wangu wa ualimu. Usharika wa mlimani unaishi kwa sadaka na mnada wa mazao baada ya ibada. Kabichi zikikosa bei, posho ya mchungaji inasubiri. Wake wa wachungaji wengi ninaowafahamu ni walimu au wauguzi, na hiyo si bahati tu. Mishahara yao ndiyo inayolipa ada za watoto ili mchungaji aweze kuhubiri kwa utulivu. Kanisa letu la Kilutheri Tanzania, lenye waumini zaidi ya milioni saba, limeegemea kwenye mishahara ya wanawake hao bila kuwataja kwenye ripoti ya mwaka.

Huku, mara ya kwanza kukaribishwa kahawa na baraza la wazee, mama mmoja aliniuliza ninafanya kazi gani. Nikamjibu kuwa mimi ni mke wa mchungaji. Akatabasamu, akaendelea kuniangalia akingoja nimalize jibu.

Mchungaji wa usharika jirani ni mwanamke. Mume wake ni fundi wa lifti. Hakuna mtu anayemtarajia aoke keki za mavuno wala aongoze maombi ya wanawake Jumatano, na akionekana kanisani Jumapili anakaa nyuma kabisa kama mtu yeyote aliyekesha kazini. Nilimtazama yule baba kwa wivu ambao sikuwa nimeutegemea.

Najua kuna watakaosema hayo ni mambo ya Kizungu, mwanamke wa Kiafrika anatumika kwa upendo. Tuanze basi na Mzungu aliyetuachia mtindo huu. Martin Luther, Mjerumani ambaye Walutheri tunaitwa kwa jina lake, alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525, na nyumba yao ya Wittenberg, monasteri ya zamani, ilijaa wanafunzi, wakimbizi na wageni. Luther alikuwa mkarimu na hakujua hesabu. Aliyepika bia, kufuga nguruwe, kulima, kununua shamba na kuwatoza wapangaji kodi ni Katharina. Luther alipofariki mwaka 1546 alikuwa ameandika wosia wa kumrithisha mkewe, lakini sheria ya Saksonia, nchi yao, haikuutambua wosia ule kwa jinsi alivyouandika, na yule mama akahangaika kwa wakuu akiomba msaada. Alikufa mjini Torgau mwaka 1552, akiwa amekimbia tauni na kuumia njiani. Nyumba iliyokuja kuwa mfano wa nyumba ya mchungaji wa Kilutheri iliendeshwa na mwanamke ambaye alipofiwa alibaki anaomba. Mjane wa mchungaji kwetu anayepewa miezi michache aihame nyumba ya usharika ili mchungaji mpya aingie atanielewa bila maelezo zaidi.

Wamisionari wenyewe je? Walipofika Mlalo, kwetu Usambara, mwaka 1891 na kupaita Hohenfriedeberg, walikuwa vijana wa kiume. Misheni za Kijerumani za wakati ule zilikuwa na desturi ya kumtaka kijana atumike kwanza, halafu ndipo aombe ruhusa ya kuoa. Wasichana wengi walipanda meli kwenda kuolewa na mtu waliyemjua kwa barua tu. Wakifika walifundisha kushona, waliuguza wagonjwa, walizaa, wengi wakazika watoto wao kulekule. Watoto waliofikia umri wa shule mara nyingi walirudishwa Ulaya kusomea kwenye nyumba za watoto wa wamisionari, wakakaa miaka bila kuwaona wazazi. Orodha za watumishi ziliandika majina ya waume. Kwa hiyo mtu akiniambia huu ni utamaduni wetu, namwambia tuliupokea pamoja na nyimbo na kengele.

Wajerumani waliugeuza kwao, na hawakuugeuza kwa sababu wanampenda Mungu zaidi. Fedha zilikuwapo. Mchungaji hapa analipwa kwa ngazi inayokaribiana na ya mwalimu wa sekondari, kutokana na kodi ya kanisa. Nyumbani wengi wanadhani kodi hiyo ni fungu la kumi linalokatwa kwa nguvu. Sivyo. Ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, si ya mshahara (katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg ni 8), na asiye mwanachama hakatwi. Kodi hiyo ndiyo inayofanya wengine waondoke, na hiyohiyo ndiyo inayofanya mke wa mchungaji awe mtu mwenye kazi yake. Siwezi kuitamani kwetu. Nani ataikusanya kwa mkulima wa karoti? Nasema tu kwamba pale ambapo kazi ya kanisa ina fungu lake la fedha, watu wanaanza kujiuliza nani anaifanya bure.

Nimeliona hilo vizuri zaidi kwenye kufundisha. Somo la dini katika shule za serikali hapa ni somo kama hesabu. Limeandikwa kwenye Katiba yao ya 1949, ibara ya 7. Mwalimu wake analipwa, anatoa alama, anaweza kumfelisha mtoto. Mzazi anaweza kumtoa mwanawe, na mtoto akifikisha miaka 14 anaamua mwenyewe. Mume wangu ana vipindi vyake huko na anarudi amechoka, maana watoto wale hawakariri kitu. Wanauliza. Kwa nini Mungu aliacha bibi yangu augue? Nani alijua Yesu alisema nini kama hakuna aliyerekodi? Kwenye kipaimara kwetu, mtoto wa namna hiyo angeambiwa anapoteza muda wa darasa, kisha arudie maelezo ya amri ya nne. Nimefundisha hivyo miaka na wanafunzi wangu walifaulu wote. Mwalimu anayejitolea, mwenye watoto themanini na saa moja baada ya kazi nyingine tatu, hana namna. Kukariri ndiko kunakowezekana. Tukitaka watoto wetu waulize, lazima mtu alipwe kuwasikiliza.

Vyeti vyangu vya ualimu havikutosha huku. Wanataka mwalimu aliyesomea masomo mawili chuo kikuu, na Kijerumani cha kufundishia. Nimepata kazi ya mchana kwenye shule ya msingi: watoto wanakula, wanafanya kazi za nyumbani, wanacheza mpaka wazazi wafike. Ni kazi ndogo kwa mtu aliyewahi kuwa mwalimu mkuu msaidizi, na kuna siku inaniuma. Lakini ina mkataba, ina likizo, ina mchango wa pensheni. Kwenye karatasi ya mshahara kuna pia mstari wa kodi ya kanisa, senti chache. Niliufurahia ule mstari kupita kiasi: kumbe hata mimi naweza kulitegemeza kanisa kwa kiasi kinachoandikwa!

Msidhani nimehamia mbinguni. Mlango wetu hugongwa mara chache mno. Mtu anafiwa Jumatatu, anazikwa baada ya wiki mbili mbele ya watu saba, na kaburi lenyewe ni la kukodi; miaka 25 au 30 ikipita bila kulipiwa tena, linapewa mwingine. Wanangu wanajibizana Kijerumani chumbani, na Kisambaa cha bibi yao wanakisikia kwenye simu tu. Wazee hapa wakitimiza miaka 80 mchungaji huenda kuwatembelea nyumbani, na mara nyingine yeye ndiye mgeni pekee wa siku hiyo. Akina mama wachache wanaojitolea usharikani hapa wana nywele nyeupe, na binti zao hawaji. Hata hivyo wanajitolea kwa hiari, wana bima wakianguka ngazi, na mmoja akisema mwaka huu amechoka, jina lake linafutwa kwenye zamu bila mtu kumnong'ona.

Sasa mniambie, ni nini hapo kinachotuhitaji tuwe matajiri? Kumwuliza mama mchungaji kabla ya kumpa cheo hakugharimu shilingi. Kuandika kwenye bajeti ya usharika "chakula cha wageni" na kukitenga kwenye sadaka, hata kidogo, kunawezekana kesho asubuhi. Suala la mjane ni gumu zaidi, nalo ndilo linalotakiwa kwanza: dayosisi inayojenga ukumbi wa harusi inaweza kuanzisha mfuko, na inaweza kuweka kwenye kanuni zake mwaka mmoja kamili wa kukaa katika nyumba kabla ya kuhama. Sijasikia askofu aliyeshindwa kupata wafadhili wa ukumbi.

Tukirudi, Sunday school nitaifundisha, maana naipenda na ninaijua kazi yangu. Umoja wa Wanawake wapige kura kwanza. Wakinichagua nitashukuru, wasiponichagua nitakaa kwenye benchi kama wenzangu. Na wageni wa jimbo, kamati itafute mpishi, imlipe.