Kamera kwenye makao ya watoto: ridhaa ni ya nani?

Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ina makao mengi ya watoto, na sababu mojawapo inafahamika: UKIMWI ulichukua wazazi wengi huku. Hadi leo Njombe inaongoza nchini, kwani utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulikuta maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Kwa kuwa kamera za CCTV sasa zinapatikana hata kwenye maduka ya kawaida ya Mbeya na Iringa, suala la kuzifunga ndani ya makao hayo haliepukiki tena.

Wanaozitaka wana hoja nzito. Mtoto anayepigwa au kuguswa vibaya usiku na mtu yuleyule anayemlisha mchana mara nyingi hunyamaza, na akisema, watu wazima humwona mwongo. Mlezi mwema naye hupata kinga anaposingiziwa. Hata hivyo, tusidhani kwamba bila picha hakuna kesi: Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama, katika makosa ya kujamiiana, kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Picha zenyewe, chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, hupimwa pia kwa namna zilivyohifadhiwa, kwa hiyo rekodi ambayo msimamizi wa makao anaweza kuifuta akiwa peke yake ofisini ni kinga dhaifu sana kwa mtoto.

Upande wa pili, kinachonitia wasiwasi zaidi ni dawa. Watoto wanaotumia ARV hunywa dawa zao kila siku kwa saa maalumu, na kamera ya kwenye korido, ambayo mfungaji aliiona haina madhara kwa yeyote, itawaonyesha jioni baada ya jioni wale wale wakiingia chumba kile kile. Anayetazama, awe mlinzi, fundi aliyekuja kurekebisha mitambo au mfadhili aliyepewa nywila aone mradi wake unavyoendelea, atakuwa amejua hali ya afya ya mtoto bila kuambiwa na mtu. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inailinda siri hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hazichakatwi pasipo ridhaa ya maandishi.

Sasa ridhaa hiyo anaitoa nani? Kwa mtoto, sheria humtazama mzazi au mlezi, na katika makao mlezi ni yule yule anayefunga kamera, yaani anajiomba ruhusa na kujikubalia mwenyewe. Nchini Marekani, jimbo la Texas liliruhusu mwaka 2001 mkazi wa nyumba ya wazee, au anayemwakilisha kisheria, kuweka kamera chumbani, mradi anayelala naye chumba kimoja akubali na tangazo libandikwe. Huko kamera ni ya mkazi, naye huitumia kuwaangalia wanaomhudumia. Kwetu ingekuwa ya mwenye makao, na ndiyo maana siafiki wanaosema tuige tu utaratibu wa nje.

Kwa maoni yangu, kamera za getini, jikoni na uwanjani zinakubalika, lakini za bwenini, bafuni na karibu na chumba cha dawa zikataliwe hata kama nia ni njema. Za korido zifungwe pale tu ambapo afisa ustawi wa jamii wa halmashauri amesaini kwa niaba ya watoto, baada ya kuwasikiliza wale wenye umri wa kujieleza, na rekodi isifutwe wala kufunguliwa bila yeye kujua. Maafisa hao wana kazi nyingi, na wengine watakaa miezi bila kufika. Makao yasiyoweza kutimiza sharti hilo yabaki na kamera ya getini, na usiku yaweke walezi wawili wa zamu badala ya mmoja.