Siyo chuma ulete, ni jero jero

Jamani, kuna nyumba hapa Dar es Salaam ambazo ikifika tarehe 18 zinaitisha kikao cha kumtafuta mchawi. Mshahara uliingia, kodi imelipwa, unga ulinunuliwa, hakuna aliyelazwa, hakuna aliyeoa, lakini mfukoni hamna kitu. Baba anamtazama mama, mama anamtazama dada wa kazi, dada anamtazama paka. Mwisho wanakubaliana wote kwa kauli moja: chuma ulete. Yupo jirani, eti, anayezivuta noti za watu usiku bila kugusa kitasa.

Mimi nasema mwacheni jirani alale. Chuma ulete wa nyumba nyingi anaitwa jero, yaani mia tano. Jero ya bando, jero ya karanga, buku, yaani elfu moja, ya bodaboda kwa sababu leo jua kali, mia mbili ya mfuko. Huo mfuko tu uangalieni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, ukienda sokoni mikono mitupu unauziwa mfuko mbadala. Mia mbili kwa siku, siku 25, ni 5,000. Buku tano nzima kila mwezi ya kubebea mchicha! Na mifuko yenyewe haitupwi. Inajazwa mmoja ndani ya mwenzie chini ya kitanda, inasubiri siku ya kutumika, na kikapu cha ukindu alichokiacha bibi kimewekewa viatu.

Sisemi bei hazipandi. Zinapanda, tena bila haya. Ila kila mwezi redioni wanasoma mfumuko wa bei kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na mwaka 2024 wastani ulikuwa asilimia 3.1. Mtu aliyetoka gengeni akisikia hivyo anatafuta kandambili airushie redio. Tulieni. Kwanza, mfumuko ukishuka maana yake bei zinapanda taratibu zaidi, siyo kwamba zinarudi zilikotoka. Bei ya Bongo ikishapanda ghorofani, ngazi inaondolewa. Pili, kapu wanalopimia wao lina nauli, nguo, kodi za nyumba, simu, mpaka hoteli na migahawa; chakula na vinywaji visivyo na kilevi ni kama asilimia 28 tu ya uzito wake. Sasa wewe ambaye chakula kinameza nusu ya mshahara, nyanya ikipanda kwao wanaguswa bega, kwako unavunjika ubavu. Kapu lao lina vyumba vya kulala wageni. Lako lina dagaa.

Kwa hiyo tengeneza kapu lako. Chagua vitu kumi ambavyo nyumba yako haiachi kununua, kwa kiasi kilekile: unga kilo 15, mchele kilo 15, maharage kilo 6, mafuta lita 5, sukari kilo 3, gesi mtungi mmoja, sabuni na wenzake. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi andika bei ya kila kimoja, jumlisha, linganisha na mwezi uliopita. Hapo ndipo utajua kama kilichopanda ni bei au ni mdomo. Hizo kilo 3 za sukari, kwa mfano, zina hesabu yake: watu watano, vijiko viwili vya chai kila mmoja, asubuhi na jioni, ni kama gramu 100 kwa siku. Mwezi ukiisha na kilo tano zimeondoka, usiwalaumu wenye viwanda. Kuna mtu anakunywa sukari yenye chai.

(Ingawa mwanzo wa 2024 wa kulaumiwa walikuwepo: mvua za El Niño zilifunga uvunaji wa miwa, viwanda vikasimama, kilo ikapita 4,000 sehemu nyingi. Hapo hata kijiko kimoja kilikuwa anasa.)

Haya, daftari. Nyumba nyingi zinalo, tena zuri, lina picha ya mchezaji mpira. Lakini wanaandika hivi: "nyanya 1,000, mchicha 500, mafuta 1,000". Hiyo siyo kumbukumbu, hilo ni tangazo la msiba. Nyanya ngapi? Fungu la buku lilikuwa na nyanya sita; masika yalipoingia likawa na nne, na bado ni fungu la buku. Nyanya moja ilikuwa 167, sasa ni 250. Bei imepanda kwa nusu na hakuna aliyetamka neno "bei"! Mama wa genge anakuchekea, unachekelea, anakuongezea pilipili moja ya kukufuta machozi. Andika kiasi: "nyanya 4, saizi ya kati, 1,000". Vivyo hivyo andazi la mia mbili lililoanza kutosha kiganja na sasa linatosha jicho, na mche wa sabuni uliokondeana jina likibaki nene.

Nyanya za masika zina sababu zake, tuwe wa haki. Zinatoka Iringa, Morogoro, Lushoto. Mvua ikinyesha zinaoza shambani, barabara zinakuwa tope, na tenga linalofika linafika limepungua. Tofauti na vitunguu. Kitunguu kikavu kinakaa, kwa hiyo mavuno ya Ruaha Mbuyuni na Mang'ola yakishuka bei, ndiyo saa ya kununua kwa wingi. Kitandaze au kining'inize kwenye wavu, hewa ipite, mbali na viazi, maana vikiwekwa pamoja vinaharibiana. Ukikifungia kwenye ule mfuko wa mia mbili, baada ya wiki mbili kinachipua majani kama kimeingia shule ya kilimo.

Tuje kwenye mafuta ya kula, maana hapo ndipo wananchi wanapopigwa huku wameshika kikombe wenyewe. Mafuta yetu mengi yanategemea mawese ya nje, Malaysia na Indonesia. Aprili 2022 Indonesia ilizuia kwa wiki kadhaa mawese yasitoke, na mpika chapati wa Manzese, ambaye Indonesia haijui ramani wala rangi, akajikuta anaidai maelezo. Hilo huliwezi. Unaloliweza ni kipimo. Tuseme kidumu cha lita 5 ni 30,000. Lita moja ni 6,000. Wewe unanunua ya kupima, kipimo cha buku kila siku, kipimo chenyewe mililita 125. Vipimo vinane ndiyo lita, kwa hiyo lita ni 8,000. Ukifika lita 5 umetoa 40,000. Msimbazi mzima, noti ya elfu kumi, umeondoka na hukumwona mchawi.

Ukitaka kujua kipimo cha dukani kwako kina ngapi, beba chupa tupu ya maji ya nusu lita. Vipimo vinne vya mililita 125 vinatakiwa viijaze. Kama cha nne kimeingia na chupa bado ina shingo na mabega yako wazi, umepata jibu, usigombane, hamia duka la pili.

Sasa, wanaume wenzangu mkisikia hivyo mnakimbilia kidumu, mnakiweka jikoni, mnavimba kifua. Wiki ya pili kimekwisha. Kwa nini? Kikiwepo kinamiminwa. Aliyekuwa anakaanga mayai kwa kijiko anayaogesha. Dawa ni kukifungia kidumu kabatini na kujaza chupa ileile ya nusu lita. Chupa moja siku tatu. Chupa kumi ndiyo lita 5, ndiyo siku 30. Chupa ikiisha siku ya pili, kesho yake ni siku ya mchemsho, na hakuna rufaa.

Kuna na mashujaa wa soko la Tandale. "Mchele Tandale bei chee!" Ni kweli, kwa jumla unashuka. Tuseme kilo moja inapungua shilingi 300. Umenunua kilo 15, umeokoa 4,500. Halafu bajaji ya kukurudisha, 6,000. Umeenda mbali, umetokwa jasho, umekanyagwa na mkokoteni, na umepata hasara ya 1,500 pamoja na soda uliyokunywa kujipongeza. Nyumba nne zikiungana zikachukua kilo 60, wameokoa 18,000, wametoa bajaji, inabaki 12,000. Kila nyumba 3,000. Hapo inaeleweka. Ila mgawane kwa mizani, siyo kwa kisado, maana kisado kina mikono miwili: mkono wa kujaza kichuguu na mkono wa kusawazisha, na kila jirani anakumbuka alivyopimiwa wenzake. Ukifika nyumbani, mchele uingie chombo kikavu chenye mfuniko unaobana. Fukusi wakiingia, umefuga.

Wanaoathirika zaidi na bei za rejareja ni wale wa hela ya meza. Baba anaamka, anaweka Msimbazi mezani, anaukandamiza na kikombe, anaondoka kama waziri. Elfu kumi kila siku ni laki tatu kwa mwezi, na laki tatu ni fedha ya kununua jumla. Lakini ikitolewa vipande vipande, inanunua vipande vipande: robo ya sukari, kipimo cha mafuta, kipakti cha majani ya chai. Kila robo ina faida ya muuzaji juu yake. Toa ya vitu vikavu mara moja mshahara ukiingia, toa ya genge kila wiki, meza ibaki na mboga tu. "Nikimpa yote ataimaliza." Kaka, wewe uliyobaki nayo ulifanyia nini? Daftari lipo, andika na yako. Uone kama kalamu haitaishiwa wino ghafla.

Umeme nao una mtego wake. Nyumba iliyo kwenye daraja la chini, D1, inanunua uniti kwa 100 kabla ya kodi na tozo, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni 350. Pigeni hesabu: uniti 75 za kwanza ni 7,500. Uniti 25 zinazofuata ni 8,750. Yaani kipande kidogo ni ghali kuliko mkate mzima! Uniti 75 kwa siku 30 ni mbili na nusu kwa siku. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula moja. Sasa nyumba ya wapangaji wanne wenye mita moja, kila mmoja na friji na subufa, wanavuka 75 kabla ya mwezi kufika nusu, halafu wanakaa uani kulaumiana kuhusu taa ya choo. Ile taa ya choo, kama ni ya wati 5, itawaka saa 200 ndipo imalize uniti moja. Msameheni mwenye taa.

Na mpangaji asisahau: ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kila mwezi kwenye umeme wa LUKU ni ya mwenye nyumba. Tunza meseji za makato, siku ya kulipa kodi ya chumba mwonyeshe, muikate kwenye hesabu. Atakohoa. Mwonyeshe tena.

Gesi kwa ufupi. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye mtungi wenyewe, mara nyingi kwa alama ya TW. Ongeza kilo 6 au 15 za gesi, dai mizani kabla ya kulipa. Andika kwa maka tarehe uliyoufunga. Kujua umebaki kiasi gani, mwagia ubavuni maji ya moto kidogo, kisha upapase: panapoanza baridi ndipo gesi ilipofika. Maharage yalale kwenye maji usiku kucha, la sivyo utapika kwa masaa na utamkuta mtu anasema gesi ya siku hizi imechakachuliwa.

Sasa Mangi, mwenye duka la mtaani. Mangi hana ubaya, Mangi ana daftari la madeni. Tatizo la daftari la Mangi ni kwamba linaandikwa na Mangi. Mtoto anatumwa chumvi, anarudi na chumvi, shavu moja limevimba, na kwenye daftari kumeandikwa "mchanganyiko 1,500". Mwisho wa mwezi kuna mchanganyiko sita na hakuna mtu nyumbani anayejua kupika mchanganyiko. Kuwa na daftari la pili, dogo, liende dukani na mtoto: kitu, kiasi, bei ya siku hiyo. Bei ya siku hiyo, narudia, maana sukari iliyokopwa tarehe 3 isije kulipwa kwa bei ya tarehe 30.

Ukishaziba yote hayo, inakuja kadi. Kadi ya mchango wa harusi ya mtoto wa rafiki wa shemeji, singo 50,000, dabo 100,000, na kundi la WhatsApp umeshaungwa, huwezi kutoka bila jina lako kusomwa. Hii iwe na mstari wake kwenye bajeti, na kiwango chake. Wa kwanza kuleta kadi ndiye anayepata, wa pili aandikiwe mwezi ujao. Mkweni asipoelewa, mpe daftari asome.

Halafu kuna Januari. Sare, madaftari, ada, kodi ya miezi sita, vyote mlango mmoja. Ada ya 240,000 ukiigawa kwa 12 ni 20,000 kwa mwezi, na watu wengi hiyo 20,000 wanaiweka kwenye kikoba vizuri kabisa, bila kukosa, mwaka mzima. Kisha kikoba kinavunjwa Desemba 20. Siku kumi na mbili kabla ya Januari! Zinaingia laki mbili na arobaini, zinatoka gauni, viatu vya taa, mbuzi nusu, na nauli ya kwenda Moshi iliyopanda siku hiyohiyo. Simama kwenye kikao chenu mwezi huu, pendekeza kivunjwe Januari 5. Kaa karibu na mlango.