Gesi, treni na mwendokasi: mafuta yamepungua kweli?

Muulize dereva wa teksi mtandao Dar es Salaam kama mpango wa kuhamishia magari kwenye gesi asilia umefanikiwa, atakujibu kwa hesabu. Kilo ya gesi ni takriban shilingi 1,550. Lita ya petroli kwa miaka ya karibuni imekuwa ikizungukia 3,000, na kilo moja inakwenda mbali kuliko lita moja. Gharama ya kufunga mfumo inauma, mtungi unakula nafasi ya buti, lakini pesa hiyo inarudi.

Hesabu ya dereva haina ubishi. Hesabu ya nchi ndiyo ina maswali. Serikali ina shabaha mbili ambazo wanasiasa huzichanganya: kupunguza mafuta tunayoyanunua nje kwa dola, na kupunguza nishati inayochomwa barabarani. Kwenye ya kwanza, gesi inastahili sifa, maana ile ya Songosongo, iliyoanza kufika Dar mwaka 2004, haingoji meli bandarini. Kwenye ya pili nina shaka. Safari ikiwa rahisi, gari lililokuwa likilala nyumbani nalo linaingia barabarani. Watetezi watasema kutembea zaidi ni kufanya kazi zaidi, na kweli, kwa anayetafuta riziki siwezi kumwambia akae. Ila gari la gesi nalo linakwama foleni ya Ubungo kama la petroli, baada ya kupanga foleni nyingine kituoni.

Treni ya umeme ni habari tofauti. Tangu katikati ya 2024 abiria wa Dodoma anafika kwa chini ya saa nne, kwa mwendo unaofikia kilomita 160 kwa saa. Aliyeacha gari lake Dar hajabadilisha aina ya mafuta, ameacha kuyachoma. Na umeme upo: bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115. Wakosoaji wanataja mikopo ya matrilioni, nami ningeongeza malori. Shehena za Zambia, na nyingi za Kongo, zinapita Tunduma, na reli mpya haielekei huko. Inayoelekea huko ni TAZARA, reli ya zamani ya Tanzania na Zambia, iliyochoka kwa miaka mingi. Dizeli ya barabara ile haijaguswa.

Mwendokasi, yaani mradi wa mabasi yaendayo haraka Dar, ndio unaonisikitisha. Ulipoanza 2016 kati ya Kimara na Kivukoni ulikuwa na kila kitu: njia yake, vituo vyake, na abiria tele. Kilichokuja kupungua ni mabasi. Mtu akisimama kituoni mpaka achelewe kazini, kesho atapanda bodaboda, na akipata uwezo atanunua gari. Mafuta ya gari hilo hakuna anayeyaandika kwenye hesabu ya mradi.

Halafu kuna suala la tozo. Kila lita inachangia Mfuko wa Barabara, kwa hiyo wananchi wakipunguza mafuta kweli, mfuko unatetereka. Juni 2024 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alipendekeza shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari. Hoja ya upande wa Serikali ina uzito, kwani tairi la gari la gesi linachakaza lami vilevile. Lakini aliyekuwa akikusanya fedha za kufunga mfumo alisikia jambo moja tu: unafuu huu unaweza kukatwa wakati wowote. Mwaka 2022, bei ya mafuta ilipopanda, Serikali hiyohiyo ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili ishuke. Iliwaokoa wenye daladala na abiria wao, sikatai. Ilimsaidia pia mwenye gari kubwa, na kwa kuwa anajaza lita nyingi, yeye alipata zaidi.

Kama ningepewa fedha za kitu kimoja tu, zingekwenda kwenye mabasi ya kutosha njia ya Kimara, kabla ya kituo kingine cha gesi.