111111111 mara 111111111: utamu uko pale inapovunjika

Kuna hii namba 12345678987654321 inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, eti muujiza wa hesabu, mtu anaituma na emoji za moto anaishia hapohapo. Mimi inaniuma kweli, maana utamu wote uko kwenye kujua kwa nini, na ndo hapo watu wanapopakimbia.

Ina tarakimu 17, uisome kutoka kushoto au kulia ni ileile, na unaipata ukizidisha 111111111 kwa yenyewe. Sasa chukua karatasi na peni, achana na kikokotoo cha simu (changu kilileta 1.2345679E16, hapo huoni kitu), uzidishe kwa mkono kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Kila mstari unaoandika ni zilezile 1 tisa, ila kila mstari unasogea nafasi moja kushoto, kwahiyo mistari tisa inajipanga kama ngazi, na ukianza kujumlisha safu ya kwanza kulia ina 1 moja tu, inayofuata zipo mbili, halafu tatu, zinapanda hivyo mpaka katikati zinafika tisa, kisha zinaanza kupungua. Ndo hiyo tu.

Inakubali kwa sababu hamna safu iliyofika kumi, yaani hamna cha kubeba. Ongeza 1 nyingine ziwe kumi uone: safu ya katikati inakuwa 10, unaandika 0 unabeba 1, ile 9 jirani yake nayo inageuka 10, unabeba tena, 8 inakuwa 9, jibu ni 1234567900987654321. Ile 8 ya kushoto imeondoka, kinyumenyume haisomeki sawa tena. Kwangu hapa ndo patamu kuliko pote, na mwalimu anayeonyesha ile ya tisa bila kufika hii ya kumi naona anamnyima mwanafunzi kitu kikubwa sana.

Kingine, jumlisha tarakimu zake zote unapata 81, na namba nzima inagawanyika kwa 81 bila baki. Izidishe kwa hiyo 81 unapata 999999999 mara 999999999.

Halafu fikiria, inavunjika kwenye kumi kwa sababu sisi tunahesabu kwa makumi. Tungekuwa tunahesabu kwa dazeni, ngazi ingeenda mpaka 1 kumi na moja, kwenye ya kumi na mbili ndo ianguke.