Viza mkononi, droni forodhani

Afisa wa forodha anaitoa droni begini, anachomoa betri, anasoma namba iliyochapwa ndani ya tundu lake. Anairudia kwa sauti, tarakimu moja moja, huku kidole kikitembea juu ya kibali changu. Hazilingani. Kibali kina namba ya droni iliyoniharibikia wiki mbili kabla ya safari. Hii ni pacha wake, aina ileile, rangi ileile. Nikapewa stakabadhi, droni ikabaki kabatini hadi siku ya kuondoka. Mpaka leo sijui nimlaumu nani. Afisa alifanya kazi yake, na mimi kibali nilikuwa nacho.

Kila mjadala wa vibali vya kurekodi ugenini huangukia pande mbili: wanaouita urasimu mtupu, na wanaosema bila vibali anga litageuka uwanja wa fujo. Nianze na hawa wa pili, kwa sababu hoja yao ni nzito kuliko sisi wapiga picha tunavyopenda kukiri. Desemba 2018 uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ulisimamisha safari baada ya taarifa za droni kuonekana. Ndege zipatazo 1,000 na abiria wapatao 140,000 wakaathirika. Agosti 2014 mtalii mmoja aliidondosha droni yake ndani ya Grand Prismatic, ile chemchemi ya maji moto ya Yellowstone, wakati hifadhi za taifa za Marekani zilikuwa zimeshapiga droni marufuku tangu Juni mwaka huohuo. Huenda alitaka picha nzuri tu. Picha nzuri haikuitoa droni majini.

Wanaolalamikia urasimu nao wana mfano wao, Myanmar. Mwaka 2017 wanahabari wawili wa kigeni, mkalimani wao na dereva walikamatwa kwa kurusha droni karibu na bunge mjini Naypyitaw, wakahukumiwa miezi miwili jela kwa sheria ya vyombo vya anga ya mwaka 1934. Sheria hiyo ilitungwa enzi za ukoloni, kabla mtu hajaota chombo cha kukunjwa na kutiwa mfukoni. Mtu anayesema adhabu hiyo ililingana na kosa, mimi simwelewi.

Ila ukikaa na watu wanaohangaikia vibali hivi kwa kazi, malalamiko yao makubwa si ukali wa sheria. Ni danadana. Viza ni ya uhamiaji, vifaa ni vya forodha, kuruka ni kwa mamlaka ya usafiri wa anga, kurekodi ni kwa wizara nyingine kabisa, na mwenye eneo naye ana neno lake. Hakuna anayesoma karatasi ya mwenzake. Wengi hudhani wakishika ATA Carnet, hati inayowaruhusu kuingiza kamera kwa muda bila ushuru katika nchi zinazoitambua, wamemaliza. Hati hiyo inazungumza na forodha tu. Haikupi ruhusa ya kurusha chochote.

Tatizo jingine ni kwamba kanuni nyingi za kurekodi ziliandikwa kwa kuwafikiria watu wanaokuja na malori ya taa. Hapo mambo yameanza kulegea. Tangu Januari 2025, sheria ya Marekani inaruhusu kundi la watu wasiozidi watano kurekodi katika hifadhi za taifa bila kibali wala ada, mradi wasiharibu kitu wala kusumbua wageni. Droni bado ni marufuku. Misri iliruhusu mwaka 2022 upigaji picha wa kibinafsi katika maeneo ya umma bila kibali, lakini ikakataza picha zinazoichafua sura ya nchi. Mkia huo ndio unaonitia wasiwasi: nani anaamua sura imechafuka?

Kwa droni, nchi nyingi zimeshika mizani. Mpaka wa gramu 250, ambao chini yake masharti hupungua, ulizaa droni za gramu 249. Japani, iliyokuwa na mpaka wa gramu 200, ikauziwa yake ya gramu 199, kisha Juni 2022 ikashusha mpaka hadi gramu 100. Mchezo wa paka na panya, lakini angalau unapima hatari, si uraia wa msafiri. Moroko yenyewe haipimi: droni isiyo na kibali inazuiliwa uwanja wa ndege. Ni kali, ila unajua mapema uiache nyumbani, jambo ambalo ni bora kuliko sheria inayoruhusu kwa masharti huku ofisi ya kutimiza masharti hayo haipatikani.

Mfumo ninaoukubali zaidi ni wa Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika mwisho wa 2020. Kwa safari za hatari ndogo, chini ya mita 120 na droni ukiiona kwa macho yako, anayesajiliwa ni mwendeshaji. Unajiandikisha katika nchi moja, wanachama wengine wanakutambua, na namba yako unaibandika kwenye kila droni unayomiliki. Maeneo yaliyokatazwa yanabaki yamekatazwa, na ukikosea anatafutwa mtu mwenye jina. Kwa utaratibu huo, droni yangu ikifa wiki mbili kabla ya safari, kazi iliyobaki ni kuchapa stika nyingine.